Mfafanuzi Mkaazi wa Msitu wa Ushirimbo

(Hotuba ya Mheshimiwa Theodory Mkonyi, Mratibu Mkuu wa Huduma ya Ufafanuzi Mkaazi wa Msimu, aliyoitoa katika uwanja wa shule ya msingi ya Ushirimbo, milimani juu ya Moshi, siku ya kufunga msimu wa kwanza wa huduma hiyo. Maneno ya wananchi yamewekwa kwenye mabano kama yalivyosikika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Bwana Eliakim, waheshimiwa wajumbe wa serikali ya kijiji mliofika, pamoja na wale ambao mko njiani tangu asubuhi, Mchungaji wetu na kwaya yake iliyotuazima kipaza sauti, Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eunike, na wanafunzi wako ambao nimeelezwa wameacha kipindi cha hisabati kwa ajili yangu, hasara ambayo taifa litaifidia, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), akina mama wa kikundi cha ng'ombe wa maziwa, akina baba wa kahawa, vijana wa kubeba mizigo ya wageni mlimani, vijana wa bodaboda, vijana wa kukaa tu, wageni waalikwa, na wageni ambao hamkualikwa ila mmeona turubai mkasema kuna kitu, itifaki ikiwa imezingatiwa, na pale isipozingatiwa ikiwa imeombwa radhi, nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko mtu mwingine yeyote katika kanda hii nzima. (Makofi. Ng'ombe analia nyuma ya darasa la tano.)

Ndugu wananchi, kabla sijaanza hotuba yangu, naomba nianze kwa kuisifu. Ni hotuba iliyopita katika mchakato, ikafanyiwa upembuzi yakinifu, ikawekwa kwenye framiweki, na kila neno mtakalolisikia hapa limeshirikisha wadau, hata kama wadau wenyewe hawakuwepo.

Wengi mnajiuliza: mfafanuzi mkaazi wa msimu ni mnyama gani? Nilipokuwa katika ziara ya mafunzo kwenye nchi moja ya mbali, ambayo baridi yake siwezi kuielezea mbele ya watoto, nilipelekwa kwenye msitu wa serikali, nikamkuta mama mmoja mwenye kofia pana, anayeishi humo msituni msimu mzima, katika nyumba ya mbao, na kazi yake ni moja tu: akikuona, anakueleza. Alinieleza kindi. Kindi mmoja, ndugu zangu! Alimweleza kindi yule kuanzia mkia, ukoo, chakula na wasiwasi wake, mpaka mimi, mtu mzima mwenye suti na kitambulisho kifuani, machozi yakanitoka. Nikamuuliza, mama, wewe ni nani? Akasema yeye ni mfafanuzi mkaazi wa msimu. Nikajitazama, nikajiambia: Theodory, kwenu kuna mlima mzima, umesimama pale tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na hakuna mtu aliyewahi kuufafanua!

(Davis, kijana anayeongoza wageni mlimani: "Mheshimiwa, sisi si tupo?")

Kijana, nakuheshimu, lakini ninyi mnaongoza. Mnamwambia mgeni "pole pole" kutoka getini mpaka kileleni, na mkishuka mnapiga naye picha. Kuongoza ni kutangulia. Kufafanua ni kubaki. (Makofi machache, yenye mashaka.)

Kwa muktadha huo, niliporudi nilianzisha mara moja mchakato wa ajira ulio wazi, shirikishi na wenye ushindani mkali, ambao alijitokeza mwombaji mmoja, na kati ya huyo mmoja tukamchagua aliyekuwa bora. Napenda kutoa takwimu hapa, maana mimi ni mtu wa takwimu: asilimia mia moja ya nafasi zote za wafafanuzi zilikwenda kwa wanawake, na asilimia mia moja nyingine zikaenda kwa vijana! (Akina mama wanapiga vigelegele.) Loveness, binti yangu, simama wakuone. Huyu hapa. Ni mtoto wa wakulima wa mpunga kule Mabogini, ana stashahada ya utalii, na alikuwa na kazi yake nzuri ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni Marangu, kazi yenye kiti na feni, ambayo aliiacha kwa neno langu. Kwenye usaili nilimuuliza swali moja zito: "Binti, mti ni nini?" Akanijibu, "Mheshimiwa, inategemea ni mti gani." Palepale nikajua huyu ni kiwango cha kimataifa. Nikamwambia aende Ushirimbo mwanzoni mwa masika, nyumba yake ipo ukingoni mwa msitu, na msimu ukiisha atathibitishwa kazini.

Ndugu wananchi, mimi sifichi changamoto. Loveness alishuka kwenye bodaboda siku ya mvua kubwa, na begi lake na godoro lake, halafu akanipigia simu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Nimefika, lakini nyumba siioni."

"Marahaba, binti. Umesimama wapi?"

"Nimesimama kwenye kibao kilichoandikwa Nyumba ya Mfafanuzi."

"Basi umefika. Ingia ndani."

"Ndani ya nini, mheshimiwa? Hapa kuna kibao na mvua."

Nikamwambia, na maneno haya naomba waandishi wa habari wayanukuu, kama wapo: "Binti, kila nyumba duniani ilianza na kibao." Mtandao ukakatika. Nadhani ulikatika kwa kuguswa. (Kicheko.)

Sasa hapo ndipo anapoingia Mama Eliona, mjane wetu huyu aliyekaa mstari wa mbele, ambaye kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, kinapakana na msitu, na siku hiyo alikuwa akikatia ng'ombe wake majani. Alimkuta binti amejifunika godoro kichwani kama mwavuli. Akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Binti akajibu, kwa nidhamu niliyomfundisha, "Mimi ni Mfafanuzi Mkaazi wa Msimu." Mama akamwambia, "Hayo utanieleza tukifika nyumbani. Twende, godoro linalowa." Akampeleka kwake, akamlaza kwenye chumba cha kuivishia ndizi. Wapo watu wenye nia mbaya, na wengine nawaona hapa, waliosambaza maneno kwamba Mratibu amemtelekeza mtumishi wa umma katikati ya mikungu ya ndizi. Ndugu zangu, ule haukuwa utelekezaji. Ule ulikuwa ni ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi!

(Mama Eliona: "Sekta gani, baba? Mtoto alikuwa anatetemeka, meno yanagongana! Nilimkokea moto mpaka nikamaliza kuni!")

Ahsante mama, mchango wako tumeupokea na tutaufanyia kazi.

Kuhusu vitendea kazi: kofia pana ya mfafanuzi iko kwenye hatua za manunuzi. Darubini iko kwenye hatua za kutafuta kofia. Kwa upande wa viatu, mfafanuzi alitumia mabuti ya marehemu mume wa Mama Eliona, ambayo yalimzidi, na hivyo akawa na nafasi ya kukua. Kuhusu wageni, tulitarajia umati mkubwa, na nasema kwa fahari kwamba hakuna mgeni hata mmoja aliyekataa kuja; ni vile tu hawakuambiwa. (Minong'ono.) Lakini je, mfafanuzi wetu alikaa bure? Hapana! Aliwafafanulia akina mama waliokwenda kukata majani, mpaka wengine wakabadilisha njia. Kila Ijumaa Mwalimu Eunike alimpelekea wanafunzi, akawaonyesha mbega wanavyoruka na mikia yao myeupe, na mtoto mmoja aliporudi nyumbani akamkataza baba yake kuchonga mzinga kwenye mti mbichi, akachapwa. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo inayoitwa impakti!

Kuna siku alinipigia akasema, "Mheshimiwa, nina aibu. Miti mingine siijui majina." Kiongozi mwingine angemfukuza. Mimi nikampa mafunzo kazini palepale kwenye simu. Nikamwambia, "Binti, mti unaoujua, ueleze kwa kifupi. Mti usioujua, ueleze kwa kirefu." Mafunzo hayo yamezaa matunda, na sasa naingia kwenye sura ya mafanikio. (Wazee wawili wanahamisha viti kivulini.)

Mwishoni mwa masika, asubuhi, Loveness alikuwa anasaidia kukamua ng'ombe, akasikia mlio wa msumeno wa mashine kutoka juu, upande wa chemchemi. Mnaijua ile chemchemi; ndiyo inayolisha mfereji wa kijiji hiki, na maji yake yanayobaki yanateremka mpaka bondeni, kule Mabogini. Juu yake kuna mti wa mkulo, mkubwa, ambao wanaume watatu wakishikana mikono hawauzunguki, na mbao za mkulo, nisiwafiche, ni mbao tamu. Binti akaacha ndoo, akapanda mbio na yale mabuti, akaanguka mara kadhaa, akafika ametapakaa tope, akamkuta fundi Hosea, yule pale aliyevaa koti la kijani, Hosea punga mkono (Hosea hapungi mkono), pamoja na wenzake wawili, msumeno unanguruma na magome yameshaanza kuruka. Akaenda akasimama kati ya msumeno na mti. Nimesimuliwa na binti na Hosea wenyewe, kwa hiyo nawapa kama ilivyokuwa.

Hosea akapiga kelele, "Dada, toka hapo! Utaumia!"

"Shikamoo, kaka. Siwezi kutoka. Kazi yangu ni kueleza."

"Basi eleza haraka."

"Huu hauelezeki haraka."

"Kwani wewe ni nani?"

Loveness, magoti yakimtetemeka, akasema kwa sauti: "Mimi ni Mfafanuzi Mkaazi wa Msimu, chini ya Mratibu Mkuu wa Huduma ya Ufafanuzi Mkaazi wa Msimu!" Ndugu wananchi, jina lile nililitunga mwenyewe, na lilipofika mwisho wake, Hosea alizima msumeno. Alizima! Baadaye alisema alidhani mtu mwenye cheo kirefu namna ile lazima ana askari nyuma ya kichaka. (Kicheko kikubwa.)

Basi akaanza kufafanua. Aliyoyajua kuhusu mkulo yalikwisha upesi. Akahamia kwa ndege hondohondo wanaokula matunda yake, akahamia kwa mbega, akahamia kwa ukungu, jinsi majani yanavyoukamata na kuudondosha chini tone kwa tone hata siku isiyo na mvua. Vijana wa msumeno wakachoka kusimama, wakakaa kwenye mizizi. Alipoishiwa kabisa, alipoona Hosea anashika tena kamba ya mashine, akaanza kuwaeleza kuhusu baba yake. Akasema baba yake kule Mabogini huamka akaenda kusimama kwenye jaruba lake, maji yakiwa yamechelewa, anatazama huku juu mlimani kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Akasema, "Hatazami theluji. Anatazama hapa. Hajui panaitwaje, lakini anatazama hapa."

Hosea akaiachia kamba. Kisha akasema, "Mke wangu Scola amekodi shamba hukohuko. Mwaka huu mpunga umeungua."

"Basi na yeye anatazama hapa," binti akamwambia.

Wakati huo Mama Eliona akawa amepanda na sufuria ya mtori, maana alisikia msumeno umenyamaza akadhani mtu amekufa. Akawakuta wazima, akawapa wote, msumeno ukiwa katikati yao kama mgeni asiyekula. Mashine ilikuwa ya kuazima; muda wake ukaisha, wakashuka nayo. Mkulo upo mpaka leo, una jeraha kidogo ubavuni. (Makofi marefu. Watu wanageuka kumtazama Loveness, naye anatazama chini.)

Sasa nawauliza, ni nani aliyemfundisha binti huyu kuongea bila kumaliza?

("Wewe!")

Sijasikia vizuri.

("Wewe, mheshimiwa!")

Napokea pongezi hizo kwa niaba yangu.

Hata hivyo, kuna uzushi unaozunguka vilabuni kwenye mbege kwamba Hosea alitumwa na mtu mkubwa. Mimi ni muumini wa uwazi. Ni kweli alitumwa, na mtu mkubwa huyo ni mimi. (Kelele. Mwenyekiti Eliakim anaomba utulivu.) Tulieni! Mbao zile zilikuwa za kujengea nini? Nyumba ya Mfafanuzi! Na ni nani aliyezizuia? Mfafanuzi! Halafu mnanilaumu mimi kwamba mfafanuzi hana nyumba?

(Hosea, akisimama: "Mheshimiwa, uliniambia nizishushe kwako Moshi mjini, nyuma ya geti jeusi!")

Sahihi kabisa. Hiyo ni nyumba ya mfano. Huwezi kujenga nyumba msituni kabla hujaijaribu mjini, ukaishi ndani yake na familia yako miaka kadhaa, ukajiridhisha. Hayo ni mambo ya kitaalamu, Hosea, kaa.

(Hosea hakai.)

Binti yangu Loveness amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti, lakini kwa kifupi, mwanangu, leo mfafanuzi ni mimi.

(Loveness: "Ahsante, mheshimiwa. Niliacha kazi Marangu, na pale wameshaajiri mwingine. Uliniahidi msimu ukiisha nitathibitishwa. Wazazi wangu wananiuliza kila siku, nami sina la kuwaambia. Naomba unijibu mbele ya watu hawa: nimethibitishwa?")

Swali zuri. Ni zuri kiasi kwamba kulijibu ni kuliharibu. Suala lako liko kwenye hatua.

("Hatua gani, mheshimiwa?")

Hatua nzuri sana. Na hilo linanipeleka moja kwa moja kwenye vizheni. Ifikapo msimu ujao, ndugu zangu, kila mti wa mlima huu utakuwa na mfafanuzi wake, kila mfafanuzi atakuwa na msimamizi wake, na kila msimamizi atakuwa na mti wake wa kupumzikia. Mbega watafafanuliwa kwa lugha tano. Theluji ya Kibo, ambayo wote tunaona inavyopungua, tutaifafanua haraka kabla haijaisha, na ikiisha tutafafanua mahali ilipokuwa. Ukungu utawekewa ratiba. Ushirimbo itajulikana duniani kote, na pale penye kibao patajengwa kibao kikubwa zaidi! (Hakuna makofi. Mtoto anauliza, "Mama, anamaliza saa ngapi?")

Namaliza. Na mtu muungwana humaliza kwa shukrani. Nawashukuru wakubwa wangu wa makao makuu ambao, laiti wangekuwa na habari za mradi huu, naamini wangeuunga mkono kwa moyo wote. Nawashukuru wafadhili, ambao nitaanza kuwatafuta. Naishukuru Kamati ya Uteuzi, Bodi ya Ushauri na Kitengo cha Tathmini, ambao wote wamekuja leo na suti moja, hii niliyoivaa. Nakushukuru wewe, Mwenyekiti Eliakim, kwa kutouliza. Na zaidi ya wote namshukuru binti yetu Loveness, ambaye ametumikia msimu mzima, kwenye mvua na kwenye baridi, bila lawama, katika cheo ambacho kwa mujibu wa sheria, kanuni na taratibu hakipo, hakijawahi kuwepo, na wala hakijaombwa na mtu yeyote popote. Na kwa kuwa amefanya kazi katika msitu huu wa hifadhi bila kibali cha mamlaka yoyote, mimi, kwa moyo wangu wa huruma, nimemsamehe! Huduma ya Ufafanuzi, idumu! (Kimya.) Mfafanuzi Mkaazi, oyee! (Kimya.) Msitu wetu, fahari... (Kimya kabisa.)

(Hosea: "Kwa hiyo siku ile dada huyu hakuwa na mamlaka?")

Hakuwa nayo hata chembe, bwana Hosea.

(Hosea: "Na mimi ningeweza kuukata, asinifanye kitu?")

Kwa maana finyu ya neno "ningeweza", ndiyo.

(Hosea anapita katikati ya viti mpaka kwa Loveness. Akina mama wanasimama. Mama Eliona anamshika binti mkono. Hosea anasema, "Dada, ulikuwa unajua?" Loveness anafuta macho kwa kiganja. "Sikujua. Nilidhani nina cheo." "Je, ungejua huna?" Loveness anafikiri. "Ningetetemeka zaidi," anasema. "Lakini ningesimama palepale. Sasa ningekwenda wapi?" Hosea anatikisa kichwa, anacheka kidogo, halafu anawageukia wenzake wawili waliokaa nyuma: "Mmesikia? Anayeutaka ule mkulo aanze na mimi.")

Ndugu wananchi, tusitoke nje ya ajenda...

(Mwenyekiti Eliakim anasimama, anakohoa. "Mheshimiwa, kweli sikuuliza. Sasa nauliza wananchi. Kijiji kina mfereji, na mfereji una wasimamizi wake, na nafasi ya mmoja iko wazi. Nani anamtaka huyu binti?" Mikono inanyooshwa, hata ya watoto. Mama Eliona: "Chumba kipo. Ndizi nitazihamisha." Loveness ameficha uso begani kwa Mama Eliona, mabega yanatikisika.)

Hilo lingepaswa kupitia kwangu...

(Mwalimu Eunike anapiga kengele ya shule. "Watoto, mstari! Leo tunakwenda kuuona mkulo." Wanafunzi wanakimbia kupanga mstari. Loveness anainua uso, anajifuta, anawaambia watoto wasikanyage mizizi wakifika. Anatangulia. Nyuma yake Mama Eliona, Hosea, Davis, akina mama wa maziwa, wazee na bakora zao, vijana wa kukaa tu. Mchungaji anaondoka. Kwaya inachomoa waya wa kipaza sauti, inaondoka nacho. Wamebaki viti na turubai. Mratibu Mkuu anasema bila kipaza sauti, kwa hiyo waliosikia ni wale wa mwishoni mwa mstari tu.)

Jamani. Nisubirini basi. Na mimi sijawahi kufika.